Nta ya kopo, silanti ya kupuliza au kauri: uliza kwanza itatokaje

Boneti ya Noah yangu nyeusi niliigawa katikati kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi wa rangi. Upande wa dereva nikapaka nta ya kopo, upande wa abiria nikapaka silanti ya kupuliza, yaani kinga ya rangi ya kemikali inayokuja kwenye chupa ya kupulizia. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, mvua zikianza kukolea Kampala. Gari hilo ni la kazi: nalikodisha pamoja na dereva, na dereva ni mimi mwenyewe. Linalala uani Bweyogerere chini ya mfenesi, alfajiri linaingia Barabara ya Jinja, na wiki haipiti bila kwenda Malaba au Masaka.

Wiki ya kwanza usingeona tofauti. Pande zote mbili matone yalisimama mviringo kama punje za mtama, na nikikanyaga mafuta yanakimbilia kioo. Wiki ya tano, mvua ya jioni ilipokatika, nilishuka nikatazama. Upande wa nta maji yalikuwa yamelala bapa, yametandaa kama kwenye sahani. Upande wa silanti yalikuwa bado yanasimama, ingawa si kwa ukali wa mwanzo.

Ningeishia hapo ningekwambia nunua silanti, tumemaliza. Lakini mwezi wa nane bodaboda alinikwaruza bampa ya mbele, nayo ilikuwa na silanti ile ile. Nikalipeleka gari kwa fundi wa rangi aliyeko mtaa wa Ndeeba. Akapiga msasa, akapuliza rangi, na kabla haijakauka ikaanza kufunguka vishimo. Niliinama nikavitazama kwa karibu: vya mviringo, vikubwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kila kimoja kimejizungushia ukingo ulioinuka, na katikati praima, ile rangi ya msingi ya kijivu, inachungulia. Rangi ilikuwa inapakimbia mahali pale kama maji yanavyokimbia mafuta.

"Mzee, hapa ulipaka kitu gani?" fundi akaniuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Ungenieleza mapema. Hiyo ni silikoni. Msasa hauiondoi, unaisambaza tu."

Ikabidi aondoe rangi yote, asafishe kwa dawa ya kukata mafuta, aanze upya, nami nikalipa kazi moja mara mbili. Kosa lilikuwa langu, kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo sinunui kinga ya rangi kwa kusoma idadi ya miezi iliyoandikwa kwenye chupa. Nauliza kwanza: siku nikitaka itoke, itatokaje? Swali hilo linazitenganisha bidhaa hizi vizuri kuliko swali la kudumu, kwa sababu kudumu kwenyewe, kwa barabara zetu, ni kwa kubahatisha.

Rangi inapigana na nini hapa kwetu

Magari ya leo yana tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Gari likitoka kiwandani klia huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele mmoja wa kichwa. Mengi ya magari yetu yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na huwezi kujua yameshapigwa polishi mara ngapi kabla hujayapata. Kwa hiyo klia uliyo nayo ni akiba, na kila unapoipiga kampaundi, ile polishi ya kukwangua, unaila.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno ya jua la hapa ni mikali mwaka mzima. Ukitoka nje ya lami kuna vumbi jekundu la murramu, lenye chembe ngumu zinazokwaruza ukizifuta kavu. Ukishuka Entebbe kuna sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wanaganda kwenye bampa na vioo vya pembeni. Na mjini kuna kaloli, wale korongo wakubwa wanaokula taka. Aliyewahi kuegesha chini ya mti wenye viota vya kaloli hahitaji kuelezwa. Kinyesi chao kina asidi ya uriki, jua likikikausha juu ya boneti ya moto kinajikunja na kuivuta klia, kinaacha alama ambayo maji hayaitoi tena.

Hakuna kinga kati ya hizi inayoifanya klia isiunguzwe na kinyesi cha kaloli. Inakupa muda tu, saa kadhaa badala ya dakika, ufike kwenye maji. Nalisema mapema kwa sababu wauzaji wengi wanasema vingine.

Nta ya kopo

Nta nzuri ya kopo ina kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki ya Brazili. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ambayo inasikika kuwa mbali, mpaka ukumbuke kwamba boneti nyeusi iliyoanikwa juani mchana inaweza kupita nyuzi 70. Na ndani ya kopo nta hiyo imechanganywa na mafuta na nta nyingine laini zaidi. Ndiyo maana kwangu ilimaliza mwezi ikachoka.

Kuipaka kunachosha: kidogo kidogo kwa sponji, isubiri ifanye ukungu, ifute. Gari dogo linakula saa nzima na zaidi. Kwenye plastiki nyeusi isiyopakwa rangi inaacha weupe unaokaa kwenye vinyweleo, na kuutoa ni adhabu.

Kutoka, inatoka kwa upole kuliko zote. Sabuni kali ya gari na maji ya vuguvugu vinaiondoa karibu yote. Mwenye gari la rangi nyeusi au nyekundu nzito, analolipenda, linalolala ndani, ataupenda mng'ao wake wa kina, kama mbao iliyopakwa mafuta. Kwa gari la kazi sioni sababu.

Silanti ya kupuliza

Hapa watu wanachanganya vitu viwili, na kuchanganya huko ndiko kunakoleta michirizi. Iko ya gari kavu, na iko ya gari lililolowa. Chupa zinafanana, maji ya ndani yanafanana, namna ya kutumia ni tofauti kabisa.

Ya gari lililolowa ndiyo rahisi kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia kwenye gari. Umemaliza kuosha na kusuuza, gari bado linachuruzika. Unapuliza kidogo kwenye paneli moja, mlango mmoja kwa mfano, kisha papo hapo unausuuza kwa mashine ya presha. Unaona maji yanakatika mbele ya macho yako, yanaukimbia mlango. Inafanya kazi kwa chaji: polima zake zina chaji chanya, uso wa rangi una chaji hasi kidogo, vinashikana mara moja na maji yanasukumwa nje. Kwa sababu inashika mara moja, ukipulizia gari zima halafu ndiyo usuuze, imekwisha: inakauka kwa mabaka. Paneli moja, suuza, paneli nyingine. Mtungi na kata havitoshi. Inataka msukumo wa maji unaoisambaza.

Gari dogo linakula mililita 30 hivi. Chupa ya nusu lita, basi, ni mara 16 kwa hesabu, na 12 kwa mkono wa mtu asiyepima. Inadumu wiki kadhaa, pengine miezi miwili kwa gari linalolala ndani.

Ya gari kavu inataka subira zaidi. Gari limeoshwa, limekaushwa, liko kivulini na bodi ni baridi ukiishika kwa kiganja. Puliza kwenye taulo ya maikrofaiba, si kwenye gari, sambaza kwenye paneli, geuza taulo upande mkavu au chukua ya pili, futa mpaka usione ukungu. Ukiona michirizi ya rangi za upinde wa mvua, umezidisha dawa. Hii ndiyo niliyoipaka kwenye boneti ile, na kwa gari linalooshwa kila wiki kwa sabuni ya kawaida ya gari naitarajia miezi mitatu.

Shida yake Uganda ni mvua. Silanti hizi zinataka saa kadhaa, nyingine mpaka siku nzima, bila kuguswa na maji, na kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, mbingu ya Kampala haikupi siku nzima. Mwenye banda hana wasiwasi. Asiye na banda apake mara tu umande unapokauka, aombe mchana upite salama, au achukue ile ya gari lililolowa ambayo mvua haina la kuifanya.

Mambo mawili ya usalama, na hapa nakuomba usiyapite haraka. La kwanza, matone yake yakifika kwenye diski za breki yanazifanya ziteleze. Usipulize karibu na matairi upepo ukiwepo, tumia taulo. La pili ni kioo cha mbele. Silanti ya bodi ikikaa kwenye kioo, waipa zinaruka na kuacha utando, na usiku kwenye mvua taa za lori linalotoka Malaba zinakuwa ukuta mweupe. Nimeyaona hayo Lugazi saa tatu usiku, nikapunguza mwendo mpaka nikaegesha. Ukimaliza kazi, futa vioo kwa kitambaa chenye alkoholi. Na uvae barakoa: chembe za silikoni zilizopulizwa hewani si kitu cha kupeleka kwenye mapafu, hasa kijana anayefanya magari kumi kwa siku.

Taa za mbele za plastiki, zile zinazogeuka njano kwa jua, zipulizie bila kusita. Ni matumizi bora ya matone ya mwisho ya chupa.

Kauri ya kupuliza, na kauri yenyewe

Chupa nyingi siku hizi zimeandikwa kauri. Kauri ya kupuliza ni silanti iliyotiwa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, basi. Ni nzuri, maji yanaikimbia kwa ukali zaidi na uso unateleza, vumbi la murramu linaondoka kwa maji bila kusugua sana. Lakini inataka rangi safi kweli kweli: juu ya nta ya zamani haishiki. Na ukiacha sehemu hujaifuta vizuri, inakauka ikawa baka gumu linalometa tofauti. Ukiligundua siku hiyo hiyo, pulizia tena kidogo juu ya baka lile lile, dawa mpya inalilegeza, futa. Ukiligundua baada ya wiki, ni polishi.

Kauri yenyewe ni kitu kingine. Ni ile ya kichupa cha mililita 30 au 50, inayopakwa na fundi kwenye chumba kisicho na vumbi baada ya rangi kunyooshwa kwa mashine, na gari linakaa angalau siku moja bila kuguswa na karibu wiki bila kuoshwa kwa sabuni. Inadumu miaka. Haitoki kwa sabuni, haitoki kwa alkoholi. Inatoka kwa kukwanguliwa kwa polishi yenye chembe, pamoja na sehemu ya klia yako. Jirani yangu alipakiwa gari jeupe, likapendeza sana, kisha lori likarusha kokoto kwenye boneti. Kabla ya kupuliza upya kauri yote ya boneti ilibidi itolewe kwa mashine. Kwa gari jipya linalolala gereji na litakaloishi na mwenyewe miaka mitano, ni uamuzi wa busara. Kwa gari linalobanana na bodaboda kila siku, unajifunga.

Siku ya kuitoa

Kabla ya kuitoa hakikisha ipo, au imekufa. Watu wengi wanadhani silanti imekwisha kumbe imefunikwa. Utando wa vumbi na masizi ya dizeli ukikaa juu yake, maji yanaacha kusimama. Osha vizuri kwanza, suuza, mwaga maji safi kwenye boneti. Yakisimama matone, bado iko hai, ongeza tu nyingine juu yake. Yakitandaa hata baada ya kuosha, imekwisha.

Kuna siku mbili tu unapohitaji kuitoa kabisa: unapobadili kwenda bidhaa isiyokubali kukaa juu yake, kama kauri, na gari linapokwenda kupulizwa rangi. Siku nyingine zote acha ijiishie yenyewe.

Hatua ya kwanza ni sabuni kali ya gari, yenye alkali. Iache dakika chache ikiwa povu, isikauke, suuza. Usiitumie kwenye rimu za alumini zisizopakwa wala usiiache kwenye mipira ya milango. Nta inaondoka hapo. Silanti inalegea, haiondoki yote. Sabuni ya vyombo inazidhoofisha, lakini anayekwambia kwamba inazimaliza hajajaribu kwa kumwaga maji baadaye.

Kisha udongo laini wa kusafishia rangi, ule unaokandwa kama unga wa chapati. Loanisha paneli kwa maji yenye shampuu kidogo, telezesha udongo bila kukandamiza. Unausikia kabla hujauona: mwanzoni unakwaruza kama karatasi, kisha unanyamaza. Hapo paneli imesafika. Kunja udongo, pata uso mpya, endelea. Ukianguka chini utupe, hata kama ni mpya. Mchanga ulioshika hautoki, na utachora gari zima.

Mwisho ni alkoholi ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji, asilimia 10 hadi 25, ikipulizwa kwenye taulo safi na kufutwa paneli kwa paneli, ukigeuza taulo kila mara. Ikiwa kali zaidi inaweza kuilainisha klia kwa muda, na ukiifuta ikiwa hivyo unaikwaruza. Kwa nta na silanti, hatua hizi tatu zinakufikisha karibu kabisa. Kwa kauri ya kupuliza huenda ukahitaji pia polishi nyepesi. Kwa kauri yenyewe, nimeshasema.

Sasa mafuta ya taa. Ukifika kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari Kampala, washingi bei, kijana atakuuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, nikupigie mafuta ya taa?" Gari linang'aa kweli, kwa siku moja. Mafuta hayo hayaondoi silanti kwa maana unayoitaka. Yanaacha utando wake juu, vumbi linaganda, mipira inavimba, na fundi wa rangi anakutana nayo baadaye. Kisha kumbuka yanakokwenda. Maji ya sehemu kubwa ya katikati ya mji yanashuka kwenye mfereji wa Nakivubo, yanaingia Ghuba ya Murchison, na ni ghuba hiyo hiyo mitambo ya maji ya Ggaba inakovuta maji tunayokunywa. Mimi namjibu kijana, "Hapana mwanangu, nipigie maji tu na shampuu hii," namkabidhi chupa yangu, na malipo yake nampa kamili.

Thina ni mbaya zaidi. Kwenye gari lililopulizwa upya kando ya barabara kwa rangi isiyochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha rangi, thina inaondoa rangi yenyewe, kitambaa kinageuka rangi ya gari mkononi mwako.

Na gari lililotoka kupulizwa juzi usilifunike na chochote. Rangi mpya inaendelea kutoa thina yake kwa wiki kadhaa, inataka kupumua. Muulize fundi wako, na kama hakukausha kwa joto ngoja siku 30 hadi 60.

Kwa gari lipi, ipi

Dereva wa kukodi, mwenye gari la abiria, yeyote anayelala nje na kuosha kwenye presha: silanti ya gari lililolowa, kila mwezi, bila kufikiri mara mbili. Bodi ikigongwa inatoka kwa nguvu kidogo, na ukikosea umepoteza mililita 30.

Mwenye banda na Jumamosi tulivu: silanti ya gari kavu. Ndiyo ninayoipenda, na Premio yangu ya fedha inayolala chini ya bati haijapata nyingine mwaka huu. Akitaka ukali zaidi apande kwenye kauri ya kupuliza, mradi aanze na bodi iliyopita kwenye udongo na alkoholi.

Nta, kwa anayefurahia kazi yenyewe. Kauri ya kichupa, kwa gari jipya na mfuko wenye subira. Bodi iliyopauka mpaka klia inabanduka kama ngozi ya kitunguu, hakuna hata moja kati ya hizi itakayoisaidia. Weka pesa kwa ajili ya rangi.

Kwangu nimeongeza jambo moja dogo. Ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, kwenye magari yote mawili, nimebandika kipande cha tepu ya karatasi, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito aina ya kinga iliyoko kwenye bodi na tarehe niliyoipaka. Mwezi uliopita Noah ilirudi Ndeeba kwa ajili ya mlango. Fundi alifungua kifuniko kwanza, akasoma, akaenda kuchukua chupa yake ya kukata mafuta kabla hajagusa msasa.